MWANA WA NANON: MAISHA NA KAZI ZA CHEVALIER DE SAINT-GEORGES

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwalimu mlezi wa chama alipotutaka kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani, wenzangu walikimbilia majina tunayoyajua sote. Huyu akamchukua Shaaban Robert, yule Mekatilili wa Menza, mwingine Dedan Kimathi. Mimi nikasema nitaandika juu ya mtunzi wa opera. Darasa zima likaangua kicheko. Jamani, opera! Eti wale wanaoimba kwa sauti ya kupasua vioo! Rafiki yangu mmoja akaniuliza kama watu weusi wamekwisha duniani hata nikaenda kuwatafuta Wazungu wenye nywele za bandia. Nikamwambia avute subira, kwani huyo ninayemtaka mama yake alikuwa mwanamke mweusi, tena mtumwa.

Mtu huyo aliitwa Joseph Bologne, na Ulaya nzima ilimjua kwa cheo chake, Chevalier de Saint-Georges. Aliishi katika karne ya 18, zama ambazo wanamuziki huziita za klasiki, zama za Haydn na Mozart. Alikuwa bingwa wa upanga, mpiga fidla, kiongozi wa okestra, mtunzi wa opera na kanali wa jeshi. Kila nikimsoma nakumbuka methali tunayoandika sana katika insha zetu, kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Naomba tuipime methali hiyo kwa maisha yake, halafu mwishoni kila mtu aamue mwenyewe.

Kabla sijaendelea, nieleze neno moja kwa wale ambao hawajaona opera. Opera ni mchezo wa kuigiza jukwaani, kama ile michezo yetu ya tamasha la drama, ila wahusika huimba maneno yao na okestra huwapigia muziki. Katika aina aliyoipenda huyu bwana wetu, wahusika waliimba, kisha wakasema kidogo, kisha wakaimba tena. Na fidla ni ile ile tunayoisikia katika taarab ya Mombasa na Unguja. Kwa hivyo, msomaji, usiogope. Si mambo ya mbali sana.

MAMA MTUMWA, BABA MWENYE SHAMBA

Joseph alizaliwa tarehe 25 Desemba 1745, siku ya Krismasi, katika kisiwa cha Guadeloupe. Kisiwa hicho kiko katika bahari ya Karibi na kilikuwa koloni la Ufaransa. Kazi kubwa kule ilikuwa kulima miwa na kutengeneza sukari. Waliofanya kazi hiyo walikuwa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa minyororo, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko huko utumwani. Baba yake Joseph, Georges de Bologne Saint-Georges, alikuwa tajiri mwenye shamba na watumwa, na alikuwa na mke wake wa ndoa. Mama yake Joseph aliitwa Nanon. Alikuwa msichana wa yapata miaka 17, mtumwa katika nyumba hiyo hiyo.

Hapa nataka tuelewane vizuri. Nanon hakuwa na nafasi ya kukubali wala kukataa. Alihesabiwa kuwa mali, kama jembe au ng'ombe. Sheria ya Wafaransa ya mwaka 1685, iliyoitwa Code Noir, ilisema kwamba mtoto wa mtumwa mwanamke humfuata mama yake. Hata kama baba ndiye bwana mwenyewe, mtoto ni mtumwa. Basi Joseph alizaliwa akiwa mali ya baba yake mzazi. Tafakari hayo kidogo.

Hata hivyo, baba huyo hakumkana mtoto wake kama walivyofanya wengi. Alimpa jina lake, akamlea. Mwaka 1747 Georges aligombana na mtu mmoja, wakapigana kwa panga, na yule mtu akafa. Akatoroka kwenda Ufaransa kuepa adhabu ya kifo, na baada ya kama miaka miwili Mfalme akamsamehe. Mwaka 1753, Joseph akiwa na umri wa miaka saba, baba yake alimpeleka Ufaransa kusoma. Nanon naye alifika Paris baadaye akaishi karibu na mwanawe.

KIJANA MWENYE UPANGA

Alipofika miaka 13, Joseph alitiwa katika chuo cha bwana mmoja aliyeitwa La Boëssière, fundi mkubwa wa mchezo wa upanga mjini Paris. Vijana wa kitajiri walifundishwa hapo masomo ya darasani asubuhi, na mchana wakashika panga. Walijifunza pia kupanda farasi na kucheza dansi. Haukupita muda mrefu kabla kijana wetu hajawapita wote kwa wepesi wa mkono na macho.

Katika mji wa Rouen palikuwa na mwalimu wa upanga jina lake Picard. Huyo alimdharau Joseph hadharani kwa sababu ya uchotara wake. Baba yake Joseph akamwambia mwanawe aende akamjibu kwa upanga, na akishinda atapewa farasi na gari lake la kukokotwa. Watu wakajaa kutazama. Joseph akamshinda Picard, akarudi nyumbani na farasi wake. Lakini tusidanganyane kwamba hakuwahi kushindwa. Mwaka 1766 alipambana na Mwitaliano Giuseppe Faldoni akashindwa, ingawa mshindi mwenyewe alimsifu sana.

Kwa ustadi huo aliingizwa katika kikosi cha walinzi wa Mfalme na akapewa cheo cha Chevalier, yaani mpanda farasi mwenye heshima. Watu wakaanza kumwita Saint-Georges, jina la shamba la baba yake kule Guadeloupe. Nje aling'aa. Mavazi yake na dansi yake viliigwa na vijana wa Paris. Ndani ya sheria, mambo yalikuwa mengine. Kwa kuwa mama yake alikuwa mtumwa mweusi, hangeweza kurithi cheo cha ubwana cha baba yake. Na mwaka 1778 serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku ndoa baina ya weupe na weusi au machotara. Saint-Georges hakuoa maisha yake yote.

FIDLA NA OKESTRA

Wengi walidhani kijana huyu ni mtu wa upanga tu. Kumbe usiku na mchana alikuwa akifanya mazoezi ya fidla. Mwaka 1766 mtunzi mashuhuri François-Joseph Gossec alimtungia heshima kwa kumtolea kitabu cha muziki wake, jambo linaloonyesha kwamba mafundi walikwisha mjua. Mwaka 1769 Gossec alianzisha okestra iliyoitwa Concert des Amateurs, na Saint-Georges akakaa katika safu ya fidla. Watu wa Paris walishangaa kumwona bingwa wa upanga ameshika upinde wa fidla.

Mwaka 1772 alisimama mbele ya okestra akapiga koncheto mbili alizozitunga mwenyewe. Koncheto ni muziki ambao mpigaji mmoja hushindana, au tuseme huzungumza, na okestra nzima. Zake zilikuwa ngumu. Vidole vilipanda juu kabisa ya shingo ya fidla, na upinde uliruka kutoka waya mmoja hadi mwingine kwa kasi, mithili ya upanga. Mwaka uliofuata, 1773, Gossec alipohamia kazi nyingine, Saint-Georges alipewa okestra hiyo aiongoze. Alikuwa na miaka 27. Chini ya mkono wake okestra ilihesabiwa miongoni mwa zile bora kabisa Ulaya.

Mwaka huo huo wa 1773 alichapisha kwateti zake sita za kwanza. Kwateti ni muziki wa vyombo vinne vya nyuzi, na wakati huo ulikuwa jambo geni Ufaransa, yeye akiwa miongoni mwa watunzi wa kwanza kuuandika huko. Kwa jumla alitoa vitabu vitatu vya kwateti sita sita, ambazo ni 18. Alitunga pia simfoni mbili, koncheto nyingi, na muziki wa fidla mbili zikijibizana na okestra.

Sasa msomaji utaniambia kwamba methali yetu imethibitika. Kizuri kimejiuza! Ngoja kidogo.

MWAKA 1776

Jumba kubwa la Opera la Paris lilikuwa kilele cha muziki Ufaransa. Mwaka 1776 lilikuwa na matatizo ya fedha na uongozi, likahitaji mkurugenzi mpya. Jina la Saint-Georges likapendekezwa. Nani angefaa kumzidi? Alikuwa na okestra iliyosifika, alijua kuwapanga wanamuziki, na Malkia Marie-Antoinette mwenyewe alipenda muziki wake.

Ndipo wasanii watatu wa jumba hilo wakashika kalamu. Walikuwa waimbaji Sophie Arnould na Rosalie Levasseur, pamoja na mcheza dansi Marie-Madeleine Guimard. Wakamwandikia Malkia kwamba heshima yao haikuwaruhusu kupokea amri kutoka kwa chotara. Hawakusema kwamba hajui kazi wala kwamba ni mkali au mwizi. Kosa lake lilikuwa ngozi ya mama yake.

Habari ikaenea Paris. Saint-Georges, ili asimtie Malkia aibuni, akaliondoa jina lake. Kiti hicho hakukipata kamwe.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu niliweka kitabu chini. Nilikasirika kwa sababu wale watatu hawakuwa wajinga wala watu wabaya wasio na kipaji. Walikuwa hodari katika kazi yao na walijua wimbo mzuri ni upi. Walijua hasa Saint-Georges ana nini, ndiyo maana hawakugusa muziki wake katika barua yao.

Na kuna jambo jingine la mwaka huo huo lililonishtua, kwa sababu lilitokea kwetu huku Afrika Mashariki. Mnamo Septemba 1776 Mfaransa mmoja, Jean-Vincent Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1000 kila mwaka. Walikuwa wapelekwe kwenye mashamba ya Wafaransa kule kisiwani Mauritius, ambako wakati huo kuliitwa Isle de France. Hebu yaweke mambo haya mawili pamoja. Mwana wa mtumwa anakataliwa kuongoza jumba la muziki Paris, na mwaka huo huo Wafaransa wananunua watu wetu Kilwa. Sikuona tena kwamba hadithi ya Saint-Georges ni ya mbali.

OPERA ZAKE

Mtu mwingine angevunja fidla yake akalie. Saint-Georges alifungiwa mlango mkubwa, akaingia kwa mlango mdogo. Alianza kutunga opera zake mwenyewe na kuzipeleka kwenye majumba mengine.

Ya kwanza iliitwa Ernestine. Ilionyeshwa tarehe 19 Julai 1777 katika jumba la Comédie-Italienne. Maneno yake yaliandikwa na Choderlos de Laclos, afisa wa jeshi ambaye baadaye alipata sifa kubwa kama mwandishi wa riwaya. Muziki ulisifiwa, lakini maneno yalichekwa na watazamaji, na opera hiyo ikaonyeshwa mara moja tu. Naam, usiku mmoja na mchezo kwisha. Leo vimebaki vipande vichache tu vya nyimbo zake.

Mwaka 1778 akatoa La Chasse, ambayo ilipokewa vizuri zaidi. Kisha akaajiriwa na familia ya Mtawala wa Orléans, ambao walikuwa na jumba lao wenyewe la michezo chini ya Madame de Montesson. Hapo ndipo ilipoonyeshwa, tarehe 8 Machi 1780, opera yake L'Amant anonyme, maana yake mpenzi asiyejulikana. Kisa chake kilitokana na mchezo wa mwandishi Madame de Genlis. Hii ndiyo opera yake pekee ambayo imetufikia ikiwa nzima.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana Valcour anampenda mjane aitwaye Léontine. Anaogopa kumwambia, kwa sababu Léontine amesema hataki tena habari za mapenzi. Kwa miaka minne Valcour anajifanya rafiki wa kawaida tu, huku akimtumia zawadi na barua bila jina. Léontine anaanza kumpenda huyo mtu asiyemjua. Kuna nyimbo za watu wawili wakijibizana, kuna ngoma za kijijini, na kuna wimbo wa Léontine anapopambana na moyo wake mwenyewe. Mwisho Valcour anajitaja, na mambo yanaishia kwa arusi.

Ni kisa cha kuchekesha, na watu walicheka. Lakini mimi nikimkumbuka aliyeutunga muziki wake naona jambo jingine. Hapa ni mtu mwenye thamani ambaye hawezi kujitaja, anayeacha zawadi mlangoni na kuondoka. Katika opera, Valcour anapojitaja anapokewa. Aliyemtungia nyimbo alijulikana kwa sura na jina, na kwa sababu hiyo hasa alikataliwa. Siwezi kusema ndivyo alivyofikiri mwenyewe, mawazo haya ni yangu.

Baadaye alitunga opera nyingine tatu: La Fille garçon mwaka 1787, Le Marchand de marrons mwaka 1788, na Guillaume tout coeur mwaka 1790 katika mji wa Lille. Hizo zote muziki wake umepotea. Opera sita, na nzima imebaki moja!

Wakati huo huo hakuacha okestra. Concert des Amateurs ilivunjika mwaka 1781 kwa kukosa fedha, naye akawakusanya wanamuziki katika okestra mpya, Concert de la Loge Olympique. Okestra hii ndiyo iliyomwagizia Joseph Haydn, mtunzi mkubwa kuliko wote wa wakati ule, simfoni sita ambazo mpaka leo huitwa Simfoni za Paris. Haydn aliziandika mwaka 1785 na 1786.

KANALI WA WATU WEUSI

Mwaka 1789 Mapinduzi ya Ufaransa yalianza. Watu walitangaza kwamba binadamu wote huzaliwa huru na sawa. Ulifikiri mtu kama Saint-Georges angefanya nini? Marafiki zake wengi walikuwa mabwana na wakuu waliotoroka nchi, lakini yeye aliwaacha akajiunga na Mapinduzi. Alihamia Lille, akavaa sare ya askari wa taifa.

Mwaka 1792 Bunge liliidhinisha kikosi cha watu weusi na machotara waliojitolea kuilinda nchi, yapata watu 1000. Saint-Georges akawa kanali wao, na kikosi kikajulikana kwa jina lake. Msaidizi wake alikuwa Thomas-Alexandre Dumas, naye pia mwana wa mwanamke mtumwa, ambaye mtoto wake baadaye aliandika kile kitabu cha Askari Watatu kinachojulikana dunia nzima. Mwaka 1793 Jenerali Dumouriez alipotaka kuisaliti nchi na kuuteka mji wa Lille, Saint-Georges na wenzake walikuwa miongoni mwa waliouzuia mpango huo.

Asante ya punda ni mateke. Mwaka huo huo Saint-Georges alishtakiwa kwa matumizi mabaya ya fedha za kikosi, akanyang'anywa uongozi, kisha Novemba akatiwa gerezani. Alikaa humo karibu mwaka mzima bila kuhukumiwa. Siku zile wafungwa wengi walikuwa wakikatwa vichwa, hivyo kila asubuhi ilikuwa bahati. Akiwa bado gerezani, tarehe 4 Februari 1794, Bunge la Ufaransa lilitangaza kufuta utumwa katika makoloni yote. Habari aliyoihitaji mama yake tangu msichana ilikuja wakati mwana yuko kifungoni.

Alitoka Oktoba 1794. Kikosi chake hakurudishiwa. Alirudi Paris hana fedha, akashika tena fidla yake, na mwaka 1797 akaongoza okestra nyingine iliyoitwa Cercle de l'Harmonie. Aliugua kibofu, na Juni 1799 akafariki, akiwa na umri wa miaka 53.

BAADA YA KIFO

Mwaka 1802 Napoleon Bonaparte alirudisha utumwa katika makoloni. Jenerali aliyepelekwa Guadeloupe kuwavunja nguvu watu weusi waliokuwa huru aliitwa Richepance. Wengi waliuawa, na waliobaki wakarudishwa mashambani. Ufaransa haikufuta utumwa tena hadi mwaka 1848. Katika miaka hiyo muziki wa Saint-Georges haukupigwa sana, karatasi zake nyingi zikapotea, na jina likabaki katika hadithi za panga na mapenzi.

Mjini Paris palikuwa na barabara iliyoitwa kwa jina la huyo Richepance. Mwaka 2001 baraza la jiji liliamua kuliondoa jina hilo. Unajua waliweka jina gani? Chevalier de Saint-George. Jina la aliyewarudisha watu utumwani limeondoka, likaja jina la mwana wa Nanon.

Muziki wake pia umeamka. Kwateti na koncheto zake zinapigwa na kurekodiwa, L'Amant anonyme ilionyeshwa na kampuni ya opera ya Los Angeles mwaka 2020, na filamu juu ya maisha yake ilitoka mwaka 2022.

SWALI LILILONISUMBUA

Nilipoisoma makala hii katika mkutano wa chama, dada mmoja wa Kidato cha Nne aliinua mkono akaniuliza swali gumu. Alisema huyu Saint-Georges alikuwa na bahati tu. Kulikuwa na mamia ya watoto wa watumwa pale Guadeloupe, pengine wenye vipaji kumzidi, waliokufa wakikata miwa. Karo yake, farasi wake na fidla yake vyote vililipwa na sukari iliyotokana na jasho lao. Tunamsifia nini?

Sikuwa na jibu. Mimi ni wa shule ya kutwa, hivyo nilikuwa na kilomita nne za kufikiri nikitembea kwenda nyumbani. Mpaka nafika nilikuwa nimekubali kwamba dada yule amesema kweli. Sukari ndiyo iliyolipa. Na mmoja wa waliolipa alikuwa Nanon. Ndiyo sababu nimeliweka jina la mama huyo juu ya makala yangu, kwa kuwa vitabu vingi humtaja mara moja kisha vikamsahau. Lakini pia naona kwamba Saint-Georges alipopata nafasi ya kuchagua, aliacha starehe za wakuu akaenda kusimama na wana wa watumwa wenzake vitani. Hakusahau alikotoka. Ukweli huu haufuti ule wa dada yule. Naona tuishike yote miwili.

Turudi kwenye methali yetu. Je, kizuri chajiuza? Kwa maisha ya Saint-Georges nasema hapana, si kila mara. Kizuri hujiuza pale ambapo mnunuzi amekubali kukitazama. Mtu akiamua kumtazama muuzaji badala ya bidhaa, hata dhahabu italala sokoni. Wale watatu wa mwaka 1776 waliweza kuufunga mlango kwa karatasi moja tu.

Jambo moja zaidi. Siku hizi watu humwita Saint-Georges Mozart mweusi. Najua wanataka kumsifu. Lakini alizaliwa miaka kumi kabla ya Mozart, na Mozart alipokuja Paris mwaka 1778 kutafuta kazi, Saint-Georges alikuwa kiongozi wa okestra mwenye jina. Kwa nini basi aazimwe jina la mdogo wake? Ana jina lake, tena alilipata kwa taabu. Tumwite kwalo.

Wanafunzi wenzangu, wachache kati yetu tutakuwa mabingwa wa upanga na fidla kwa mpigo. Lakini kila mmoja wetu hupata siku ya kuwa kama wale watatu. Mtu mpya anachaguliwa kiongozi wa darasa, nasi tunauliza ni wa kabila gani. Mwingine anasimama kukariri shairi, nasi tunacheka lafudhi yake kabla hatujalisikia shairi. Siku hiyo, kabla hujatia saini, sikiliza kwanza.